Maswali ya Bustani: Mche Wako Unataka Ndoo ya Lita Ngapi?

Safari hii barua karibu zote zimezunguka jambo lile lile: chombo. Kuna walioandika kuhusu ndoo, kuna wa viriba (mifuko ya plastiki ya miche), kuna wa magunia. Kabla ya majibu, tukubaliane kipimo. Sisi tunahesabu lita za udongo. Upana wa mdomo wa chungu haukwambii kitu, na uzuri wake ndiyo kabisa. Lita ndizo zinazoamua mche utakaa muda gani bila maji kabla ya kuanza kuteseka, na kwa mtu anayetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa moja jioni, hilo ndilo swali lenyewe.

Nimepanda nyanya aina ya Anna F1 kwenye makopo ya rangi ya lita 4, barazani ghorofa ya pili. Zilianza vizuri, sasa zina maua, lakini kila ikifika saa sita mchana zinalegea kama mboga iliyochemshwa. Matunda machache yaliyotoka yana doa jeusi chini. Jirani ananiambia ni ugonjwa, nipige dawa. Nipige ipi? (Mama wa Tabata, Dar es Salaam)

Usinunue dawa, mama. Tatizo ni kopo.

Anna ni nyanya ndefu, ile isiyokoma kurefuka. Ukiipa kamba itapanda kupita kichwa chako. Mche wake ukiwa mkubwa na una matunda, siku ya jua kali hunywa lita 2 hadi 4 za maji. Sasa tazama kopo lako. Udongo mzuri wa bustani ya vyombo huweza kuupa mche maji yasiyozidi robo ya ujazo wake. Yanayobaki ama yameng'ang'ania kwenye chembe za udongo, ama yalishavuja chini. Kopo la lita 4 basi lina lita 1 tu ya kunywa. Ukimwagilia saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya adhuhuri limekauka. Hata ukimwaga ndoo nzima asubuhi haisaidii, kwa sababu inayozidi inapitiliza na kumwagikia jirani wa chini.

Doa jeusi nalo lina asili hiyo hiyo. Wakulima huliita kuoza kitako. Tunda hupata kalisi (madini ya kalsiamu) kupitia maji yanayopanda kutoka mizizini, na kitako cha tunda ndicho kilicho mbali zaidi. Maji yakikatika kila mchana, kalisi haifiki, na chembe hai za tunda pale chini zinakufa. Kwa kawaida kalisi ipo kwenye udongo, ila haisafiri. Ndiyo maana kupulizia maziwa au kusaga maganda ya mayai hakutaokoa matunda haya: maganda huchukua miezi mingi kuoza, na mavuno yako ni ya wiki chache zijazo.

Bado unaweza kuhamisha. Andaa ndoo ya lita 20 kwa kila mche. Mwagilia makopo asubuhi ili udongo ushikamane, kisha hamisha jioni jua likishazama. Usivute mche kwa shina. Laza kopo na ulitelezeshe, au kama ni la plastiki laini, likate ubavuni kwa kisu. Ukikuta mizizi imejizungusha kama kamba kwenye ndoo ya kisima, chana bonge hilo kwa wembe sehemu tatu au nne, juu hadi chini, kina cha sentimita 1. Inatisha kidogo kufanya, lakini mizizi isiyochanwa itaendelea kuzunguka humo humo hata ndani ya ndoo kubwa. Nyanya huota mizizi kwenye shina, kwa hiyo izike zaidi ya ilivyokuwa, mpaka karibu na majani ya chini. Kata matunda yenye doa na shada moja la maua, bakiza shina moja au mawili, weka kivuli siku tatu, na funika udongo kwa matandazo ya majani makavu unene wa vidole vitatu.

Kwa msimu ujao: nyanya fupi kama Cal J au Roma zinatosheka na lita 15. Nyanya ndefu, Anna na Money Maker, lita 20 ndiyo chini kabisa, na 30 ni bora zaidi. Kama baraza lako linapigwa na jua la magharibi, chagua ndoo nyeupe au funga gunia kuizunguka ile nyeusi. Upande unaopigwa jua wa ndoo nyeusi hupata joto la kuchoma ncha za mizizi, na chombo kikiwa kidogo ndivyo kinavyopata moto haraka.

Nina ndoo 20 za lita 10, zilikuwa za mafuta ya kupikia ya hoteli. Naweza kupanda nini humo, na nini nisijisumbue? (Msomaji wa Kisumu)

Mali hiyo! Ndoo zilizokuwa na chakula ndizo bora. Zilizokuwa na dawa za mimea au vimiminika vya kiwandani usiziguse hata ukipewa bure. Ondoa mafuta kwa maji moto na sabuni, kwa sababu utando wa mafuta unafanya maji yateleze pembeni ya ndoo bila kulowesha udongo.

Lita 10 ni makazi halali ya sukuma wiki mmoja. Wawili watakua, ila majani yatakuwa ya kiganja badala ya ya sinia. Pilipili hoho mmoja anakaa, ingawa lita 12 hadi 15 humpa matunda mazito zaidi. Pilipili kali hujiona mfalme humo. Spinachi panda miwili. Mchicha, giligilani na vitunguu vya majani vinajali kina kidogo tu, sentimita 15, kwa hiyo ndoo ndefu ni kupoteza udongo: hivyo vipeleke kwenye beseni lililopasuka au dumu lililolazwa na kukatwa ubavu mmoja. Karoti ni kinyume chake, zinataka sentimita 30 za udongo laini usio na kokoto, na ndoo nyingi za lita 10 hazifiki hapo. Ukipenda karoti, tafuta aina fupi.

Bilinganya na nyanya ndefu usijisumbue. Zitaishi, zitatoa maua, zitakutia matumaini, kisha zitafanya kama za yule mama wa Tabata.

Tukitaja dumu: dumu la lita 20 ukilikata juu, chini kidogo ya mkono, unabaki na chombo kirefu cha lita 15 hivi. Ukililaza na kuondoa ubavu, unapata kihori kifupi na kipana. Plastiki ni ile ile, bustani mbili tofauti, kwa hiyo amua mboga kabla ya kushika msumeno.

Muuza viriba aliniambia hiki ni "arobaini kwa arobaini". Nilipiga hesabu nikapata lita 50, nikanunua 30 kwa ajili ya nyanya. Nilipojaza, mchanganyiko wangu ulibaki zaidi ya nusu. Nimeibiwa? (Kijana wa Morogoro)

Hukuibiwa, kijana wetu, umepimiwa kiriba kikiwa kimelala. Viriba hupimwa bapa, kama shati lililokunjwa. Ukikijaza kinakuwa duara, na upana unapungua. Zidisha upana wa bapa kwa 0.64 upate upana wa kweli: 40 mara 0.64 ni kama sentimita 25.6. Kimo nacho kinaliwa: sentimita 5 hivi zinakunjika chini kufanya kitako, na nyingine 5 unaziacha juu ili maji yasimwagike unapomwagilia. Unabaki na 30.

Hesabu ya lita ni hii: nusu ya upana mara nusu ya upana, mara 3.14, mara kimo, gawa kwa 1,000. Kwako ni 12.8 × 12.8 × 3.14 × 30, unapata 15,434, yaani lita 15. Zinatosha nyanya fupi. Kwa nyanya ndefu uza viriba hivyo au vipandie hoho.

Na hata ndoo iliyoandikwa 20 haibebi udongo wa lita 20. Ukiacha nafasi ya vidole viwili juu, na udongo ukishuka baada ya kumwagilia mara mbili tatu, unabaki na 17 hivi. Ongeza udongo wiki ya pili, kabla mizizi haijasambaa juu.

Fundi aliyenitengenezea vyungu ameniambia niweke kokoto chini ili maji yatoke vizuri. Nimeweka vidole vinne, na bado mimea inaoza mizizi. Niongeze kokoto? (Bibi wa Moshi)

Shikamoo bibi. Hapana, zitoe zote.

Ushauri huu wa kokoto umeenea sana na umeua mimea mingi kuliko panzi. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, ilowe kabisa, kisha ishike ikiwa imelala bapa. Maji yatadondoka kidogo kisha yakome. Sasa isimamishe wima. Maji yanaanza tena kudondoka, ingawa hukuongeza hata tone. Udongo kwenye chungu uko hivyo hivyo: chini kabisa daima kuna tabaka lililojaa maji ambalo haliwezi kujivuja lenyewe. Unene wa tabaka hilo unategemea ulaini wa udongo, hautegemei urefu wa chungu. Kwa hiyo chungu kifupi kinabaki na sehemu kubwa ya matope, na kirefu kinabaki na sehemu ndogo.

Kokoto hazimezi tabaka hilo. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye nafasi kubwa za kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa. Ulichofanya ni kulinyanyua tope vidole vinne juu, likakutana na mizizi. Kama chungu chako ni cha sentimita 25, umekigeuza kuwa cha 17 bila kujua.

Fanya hivi. Toboa matundu sita hadi nane yenye upana wa kidole kidogo, mengine chini na mengine ubavuni sentimita 2 juu ya kitako, ili hata chungu kikikaa kwenye sahani maji yapate njia. Funika matundu kwa kipande cha chandarua kilichochakaa. Kinazuia udongo na hakizuii maji. Nyanyua chungu juu ya vipande vitatu vya tofali. Kisha rekebisha udongo wenyewe, maana huko ndiko kazi ilipo: madebe 2 ya udongo wa juu, debe 1 la mboji au samadi iliyooza mpaka haina harufu, na debe 1 la kitu kikwaru, kama mchanga wa mto au pumba za mpunga zilizochomwa nusu zikawa nyeusi. Kwa vyombo vifupi ongeza nusu debe ya hicho kikwaru. Udongo mtupu wa shambani, hasa mfinyanzi, usiutie peke yake kwenye chungu. Shambani una minyoo na kina kirefu cha kupeleka maji. Ndani ya chungu unashikana kama tofali ndani ya mwezi.

Wasomaji wa pwani wanaotumia vumbi la makumbi ya nazi, angalizo moja: makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba yameshiba chumvi. Yaloweke kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, yamwage, rudia mara tatu. Vivyo hivyo, kama kisima chako kina maji ya chumvichumvi, kila baada ya wiki nne mwaga kwa mkupuo maji ya mvua au ya bomba mara mbili ya ujazo wa chombo, yapite mpaka chini. Vyombo vidogo hukusanya chumvi haraka. Dalili ni kingo za majani kuungua na unga mweupe juu ya udongo.

Hapa kwetu Kibera tunapanda sukuma kwenye magunia. Wengine wanaweka miche 50 gunia moja. Gunia la kilo 90 lina uwezo wa miche mingapi hasa? (Kikundi cha akina mama, Nairobi)

Tupige hesabu pamoja. Gunia lenye upana bapa wa sentimita 60 likijazwa lina upana wa 38. Mkilijaza hadi sentimita 80, mnapata lita 90 hivi. Nguzo ya mawe ya katikati inakula lita 6 au zaidi. Miche 50 ina maana kila mmoja hana hata lita 2 za kwake. Itaishi kwa sababu gunia ni nyumba ya pamoja, mwenye mizizi mirefu anakunywa kwa jirani, lakini majani yatakuwa madogo na magumu, na ile ya chini itakufa kwanza.

Tungepanda 25 ubavuni na 5 juu, jumla 30. Matundu yapishane kama matofali ukutani, sentimita 20 kati ya moja na jingine, na la chini kabisa lisiwe chini ya sentimita 20 kutoka ardhini. Ubavuni wekeni sukuma na spinachi. Juu ndipo pa nyanya fupi moja kama mnaitaka, lakini ikiwepo punguzeni sukuma mitano.

Nguzo ya mawe hapa haigongani na tuliyomwambia bibi wa Moshi. Yake ni tabaka la kulala chini, yenu ni bomba la kusimama, linalopeleka maji kutoka juu hadi katikati ya gunia. Tumieni kopo la kilo 2 lisilo na kitako: lisimamisheni katikati, jazeni mawe, zungushieni udongo, livuteni juu, mrudie. Mawe yawe ya ukubwa wa yai. Nguzo ikikatika katikati kwa udongo kuangukia ndani, nusu ya chini ya gunia itabaki kavu hata mkimwaga mitungi mitatu, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya miche ya chini kunyauka.

Gunia la plastiki lililofumwa linaoza kwa jua. Mkiligusa likatoa unga mweupe, msimu huo ndio wa mwisho. Msilisogeze likiwa limejaa.

Miche yangu ya hoho ina majani manne. Niliihamishia moja kwa moja kwenye ndoo za lita 20 ili nisihamishe tena. Ni mwezi Julai, baridi. Haikui, udongo uko mbichi muda wote, na kuna vijinzi vidogo vyeusi. (Baba wa Arusha)

Umewapa watoto wa chekechea vitanda vya watu wazima. Mizizi ya mche wa majani manne inatumia kikombe kimoja cha udongo. Lita nyingine 16 na zaidi zimelowa na hakuna anayezinywa. Kwenye joto la Dar jua lingesaidia kuzikausha. Arusha mwezi wa Julai hazikauki. Udongo uliolowa siku nyingi hauna hewa, mizizi inakosa pumzi, kuvu wanaingia, na vijinzi hao hutaga mayai kwenye ubichi huo.

Ing'oe kwa kijiko na bonge lake, ipande kwenye makopo ya nusu lita yenye matundu, mwagilia tu pale kidole kikiingia hadi kiungo cha kwanza na kukuta pakavu. Ukiona mizizi myeupe imeushika udongo wote pembeni, kwa kawaida wiki tatu hadi nne, nyingi zaidi kwenye baridi, hamishia kwenye kiriba cha lita 3. Ikijaa hapo, peleka kwenye ndoo ya mwisho, na kwa hoho lita 12 hadi 15 zinatosha. Ndoo zako za 20 weka nyanya.

Ndimu yangu ya kubebeshwa iko kwenye ndoo ya lita 20 mwaka wa tatu. Maji yakimwagwa yanatoka chini papo hapo, majani ya njano. (Msomaji wa Tanga)

Mizizi imejaa, maji yanapita kati ya bonge na ukuta wa ndoo bila kuingia ndani. Ihamishie kwenye chombo cha lita 40 hadi 60, kipana kwa sentimita 8 hadi 10 kuliko cha sasa, usiruke hadi pipa. Kiungio cha kubebesha kibaki juu ya udongo wazi kabisa, la sivyo shina la juu litaota mizizi yake au litaoza. Ukifika kwenye chombo usichoweza kuzidi, kila baada ya miaka miwili au mitatu itoe, kata sentimita 3 hadi 5 za mizizi kuzunguka bonge, punguza matawi kwa kiasi kile kile, rudisha na udongo mpya.

Gunia la ukubwa gani linafaa viazi mviringo hapa Mtwapa? 

Hakuna. Viazi hivyo hufanya mazao vizuri usiku ukiwa wa baridi, na Mtwapa haina usiku huo. Utapata majani mazuri na viazi vya ukubwa wa marumaru. Gunia hilo hilo panda viazi vitamu, miche mitatu.

Baraza langu litabeba ndoo ngapi? (Wasomaji watatu wameuliza)

Hilo ni swali la mhandisi wa jengo lenu, lakini mpeni namba hii: ndoo ya lita 20 iliyoloweshwa ina uzito wa kilo 25 hivi. Kumi ni kilo 250, na mvua ya masika haipunguzi. Zipangeni kufuata ukuta wa nyumba, mbali na ukingo wa nje, na msizining'inize kwenye vyuma vya baraza.